Nimo kwenye jopo la kumtafuta mkuu wa polisi, na nimebeba jambo nisiloruhusiwa kulisema

BARUA

Shikamoo mama.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na kidogo, mume na baba, naishi Marekani katika jiji la wastani: si kubwa kiasi cha kutajwa kila siku kwenye habari, wala si dogo kiasi cha watu wote kujuana. Hata ukilibaini naomba usilitaje. Kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili na Kiingereza, hasa hospitalini. Watu wetu hapa ni wengi, na wengi wao walipitia kambini kabla ya kufika.

Mkuu wetu wa polisi amestaafu. Meneja wa jiji akaajiri kampuni ya kutafuta viongozi, kazi ikatangazwa, na maombi yakaja kutoka majimbo mbalimbali. Baada ya mchujo, meneja aliunda jopo la wananchi la kuwasaili waliobaki na kumpa maoni, ingawa uamuzi wa mwisho ni wake. Wazee wa jumuiya yetu ndio walionipendekeza. Tulisaini karatasi ya usiri: majina, majibu na alama zetu haviruhusiwi kutoka nje ya chumba.

Waliobaki ni wawili. Mmoja ni mwanamke kutoka jimbo jingine, mwenye vyeti vizuri, lakini hajui hata mtaa mmoja wa hapa. Wa pili ni naibu mkuu wa polisi wetu. Mama, huyu ni mtu wetu. Tukifiwa anakuja na kukaa na wafiwa, haji kupiga picha na kuondoka. Vijana wetu anawafahamu kwa majina. Mdogo wangu alipowahi kukamatwa akiendesha gari na leseni iliyoisha muda, nilimpigia simu, naye akaongea na waliohusika, na mdogo wangu akarudi nyumbani jioni ileile. Sijamsahau kwa wema huo. Kwa wazee wetu hakuna cha kujadili: kiti ni chake, na mimi nimewekwa pale kuhakikisha anakipata.

Tatizo ni hili. Mwaka jana niliitwa hospitali kumtafsiria mama mmoja aliyekuwa na kijana wake aliyevunjika mkono. Akimweleza ofisa ustawi wa jamii, yule mama alisema mkono ulivunjwa na askari waliomsimamisha kijana barabarani usiku. Walikwenda kituoni kulalamika. Akasema aliwapokea mkubwa mmoja, akamtaja kwa cheo na kwa jina ambalo watu wetu hupenda kumwita. Ni huyu naibu. Kwa maneno ya yule mama, aliongea nao kwa upole sana, akawaambia kwamba wakiendelea na malalamiko, kijana anaweza kufunguliwa mashtaka ya kukataa kukamatwa, kwa hiyo waende nyumbani wakafikiri. Walikwenda, na hawakurudi tena. Nilitafsiri kila neno, nikaondoka, na kwa kiapo cha kazi yangu sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Sasa usaili uko karibu. Nikinyamaza na kumpigia naibu alama za juu, naona kama nimemuuza yule mama. Nikisema, nimevunja kiapo cha kazi inayolisha watoto wangu, na pengine sheria. Nikimpa alama ndogo bila maelezo, wazee watajua tu, kwa sababu hapa hakuna kinachofichika, nami nitaonekana msaliti. Mke wangu ameona silali. Hajui kisa, lakini ananiambia nijitoe, niseme naumwa.

Nilimtafuta mtu wa kumuuliza hapa nikamkosa, kila mtu anamjua naibu. Nifanye nini?

Mkalimani, Marekani

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kilichonishika kwanza ni kwamba mwaka mzima umelibeba jambo hili bila kulipunguza uzito kwa kumnong'oneza hata mkeo. Watu wengi huita hiyo siri. Kwako naona ni uaminifu wa kazi, na ndio unaokuumiza sasa. Asiye mwaminifu angekuwa ameshasema zamani na angelala usingizi wake.

Nijaribu kulirudia tatizo lako nilivyolielewa, unisahihishe nikikosea. Umekalishwa kwenye kiti cha kupima watu wawili. Mmoja humjui. Mwingine unamjua kwa wema uliouona kwa macho yako, na kwa ubaya uliousikia kwa masikio ya kazi. Wema unaruhusiwa kuusema hadharani, ubaya huruhusiwi. Kwa hiyo mizani imeinama kabla hujaishika, na unahisi kwamba ukikaa kimya ni wewe uliyeiinamisha.

Tuanze na uzito wa kiti chenyewe, maana nadhani umekikuza kidogo. Huku kwetu Tanzania kamanda wa polisi wa mkoa anapangwa na Inspekta Jenerali, sisi tunasikia tu redioni kwamba kamanda fulani amehamishwa. Kwenu Marekani kuna vyombo vya polisi karibu 18,000, na kila jiji lina utaratibu wake: pengine meya anateua na baraza linathibitisha, pengine, kama kwenu, ni meneja wa jiji. Jopo lako linatoa maoni. Meneja ana ripoti ya kampuni, ana uchunguzi wa historia ya kila mgombea, ana vyama vya askari wanaomwambia yao, ana madiwani. Hayo hayafanyi alama zako ziwe bure, ila hata ukimpa naibu kumi kwa kumi si wewe uliyemteua, na hata ukimpa mbili si wewe uliyemzuia.

Pili, naomba tutenganishe kile ulichokisikia na kile kilichotokea. Sisemi yule mama alidanganya. Nakuuliza jambo ambalo wewe mwenye kazi hiyo ungekuwa wa kwanza kuuliza: kule kituoni, nani aliwatafsiria? Hukuandika. Kama ilikuwa binti mdogo wa nyumbani, au yule kijana mwenyewe akiwa na mkono uliovunjika, basi tuna maneno ya naibu yaliyopita kwa mtoto, yakapita kwa mama mwenye hofu, yakapita kwako. Maneno yaleyale, "kijana anaweza kushtakiwa", yanaweza kuwa kitisho cha mtu anayewalinda askari wake. Yanaweza pia kuwa maelezo ya ukweli kutoka kwa mtu aliyeona faili limeshafunguliwa. Sijui ni lipi, na wewe pia hukuwepo. Lakini ona kwamba hata tukimpa naibu tafsiri njema kabisa, bado wazazi walitoka kituoni bila lalamiko lao kuandikwa, na pengine bila mkalimani. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, kifungu chake cha sita, inazibana taasisi zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zisimbague mtu kwa asili ya taifa lake, na kwa muda mrefu imetumika kudai kwamba asiyejua Kiingereza naye ahudumiwe. Idara nyingi za polisi hupokea fedha hizo. Kwa hiyo kuna swali la halali hapa lisilotegemea nani alisema nini.

Sasa niguse palipo na maumivu. Kuhusu mdogo wako.

Umeandika lile jambo kama ushahidi wa wema wa naibu, nami naamini ulikuwa wema. Lakini liweke karibu na kisa cha yule mama ulitazame tena. Mtu mwenye cheo alipigiwa simu na anayemjua, akaongea pembeni, jambo likaisha bila utaratibu wa kawaida. Mtu huyohuyo alifuatwa na asiyemjua, akaongea pembeni, jambo likaisha bila utaratibu wa kawaida. Inawezekana hawa si watu wawili, naibu mwema na naibu mbaya. Inawezekana ni mtu mmoja mwenye tabia moja ya kumaliza mambo kwa mdomo, na tabia hiyo humfaa mwenye namba yake ya simu. Sina hakika. Ila kama ni hivyo, huna sababu ya kujiona unamsaliti rafiki kwa kuuliza. Unauliza kuhusu tabia ambayo wewe mwenyewe umewahi kufaidika nayo.

Na je, fomu ya mgongano wa maslahi uliijaza? Majopo mengi huwa nayo, na nyingi huuliza tu kuhusu undugu na biashara. Msaada ule si undugu wala biashara, lakini ni deni. Hili, tofauti na la hospitali, ni lako kabisa, unaweza kulisema bila kuvunja kiapo chochote. Ukimweleza msimamizi wa usaili kwamba huyu mgombea aliwahi kuisaidia familia yako, wataamua wenyewe kama ubaki. Hatari yake ni kwamba linaweza kumgusa mdogo wako, na linaweza kumharibia naibu kwa jambo alilolifanya kwa nia njema. Zungumza na mdogo wako kwanza.

Tuje kwenye njia ulizonazo. Ya mkeo, kusingizia ugonjwa, naielewa kwa sababu anataka mumewe alale. Lakini ni uongo utakaohitaji kutunzwa, na wewe tayari unatunza vya kutosha. Unaweza kujitoa kwa ukweli, useme una mgongano usioruhusiwa kuueleza. Tatizo ni kwamba wewe ni mkalimani anayejulikana. Mkalimani akisema "kuna jambo siwezi kusema" kuhusu naibu mkuu wa polisi, umeshasema nusu yake, na watu wa jiji la wastani wataimalizia nusu nyingine kwa kubahatisha. Wanaweza hata kumbahatisha mtu asiye yeye. Na kiti chako kikibaki wazi, huenda pasiwe na mwingine chumbani anayejua ilivyo kusimama mbele ya kaunta ya polisi bila lugha. Hayo hayakulazimishi kubaki. Yana gharama tu, na uipime.

Njia ya pili ni kusema: kumwendea meneja wa jiji na kumweleza ulichosikia. Hapa nakusihi uende polepole. Sheria ya taarifa za wagonjwa, ile HIPAA ya mwaka 1996, inamhusu mkalimani wa hospitali kama inavyomhusu muuguzi, na maadili ya fani yako yanasema hivyohivyo. Hata ukificha jina, vijana wangapi katika jiji lenu walivunjwa mkono mwaka jana, wakiwa na mama anayezungumza Kiswahili? Naibu atamjua kabla hujamaliza sentensi. Siri hii si yako kuitoa, hata kwa nia njema, kwa sababu atakayelipa si wewe peke yako. Sikwambii kwamba hakuna hali yoyote duniani inayomruhusu mkalimani kuvunja ukimya. Nakwambia usiamue hilo ukiwa peke yako usiku. Muulize mwanasheria, si mshauri wa gazetini kama mimi.

Njia ya tatu ndiyo ningependa tukae nayo: kuuliza. Usaili wa namna hii kwa kawaida hutumia maswali yaleyale kwa kila mgombea, na mara nyingi wanajopo huombwa kupendekeza. Unaweza kupendekeza swali kama hili: "Tueleze lalamiko moja dhidi ya askari wako ulilolishughulikia. Lilipokelewaje, nani aliliandika, mlalamikaji alipewa jibu baada ya muda gani, na kama hakujua Kiingereza, nani alimtafsiria?" Mwombe pia anayesimamia mchakato akueleze kama uchunguzi wa historia unafika kwenye kumbukumbu za malalamiko. Lakini kumbuka kwamba lalamiko ambalo halikuandikwa halionekani kwenye faili, ndiyo maana swali la "nani aliliandika" lina kazi.

Hili si swali la hila. Baada ya Rodney King, mwananchi mweusi, kupigwa na polisi wa Los Angeles mwaka 1991, tume iliyoongozwa na mwanasheria Warren Christopher ilipowachunguza polisi hao, ilikuta askari 44 waliokuwa na tuhuma za nguvu kupita kiasi zilizorudiarudia, na mfumo wa malalamiko uliompendelea askari dhidi ya mlalamikaji. Huenda viongozi wa idara ile nao walikuwa watu wa kwenda misibani. Kasoro mojawapo ilikuwa kwenye kile kilichotokea kwa karatasi ya mlalamikaji baada ya kuifikisha kaunta.

Je, kuuliza hivyo si kuitumia siri kwa mlango wa nyuma? Nimelifikiria. Kipimo ninachoweza kukupa ni hiki: kama usingeingia kwenye chumba kile cha hospitali, je, mkalimani wa Kiswahili kwenye jopo la polisi angeuliza swali hilo? Nadhani angeuliza. Hatari iko kwingine, kwenye sikio lako. Mgeni atajibu nawe utasikia jibu. Naibu atajibu nawe utasikia uongo, hata akisema kweli. Kwa hiyo andika mapema, kabla ya usaili, jibu zuri la swali hilo lina vitu gani, na uwape wote wawili alama kwa karatasi hiyo.

Na huyo mgeni, mbona umempa mistari miwili tu? Humjui ubaya wake kwa sababu hukuwahi kutafsiria mgonjwa wa jiji lake. Hilo halimfanyi awe msafi, wala ugeni wake haumfanyi awe hafai. Los Angeles ilimchukua Willie Williams kutoka Philadelphia mwaka 1992 awe mkuu wa polisi na aisafishe idara, na mwaka 1997 hakuongezewa muda. Miami ilimchukua Art Acevedo kutoka Houston mwaka 2021, akafukuzwa mwaka huohuo. Lakini Richmond ya California ilimchukua Chris Magnus mwaka 2006 kutoka Fargo, mji wa North Dakota usiofanana nayo kwa lolote, na akakaa karibu miaka kumi. Mtu wa ndani anajua nani ni nani, na hilo ni faida na ni mtego. Wazee wako wanaiona faida tu. Sishangai, wao ndio wenye namba yake ya simu.

Kuhusu wazee, heshima yao ibaki palepale. Lakini walikupendekeza, hawakukukodi. Ukiulizwa kinachoendelea, una jibu la kweli na la adabu: "Wazee wangu, nilisaini." Kuna majimbo, Florida mojawapo, ambako majina ya waombaji ni kumbukumbu za umma na kila mtu huyasoma. Kwenu, kwa jopo hili, umeahidi vingine. Wataguna. Waache wagune, na siku ya msiba uende kama kawaida.

Kuna jambo moja limebaki, nalo ni yule mama. Katika barua yako yote anaonekana kama uzito ulioubeba wewe, na nimejiuliza yeye mwenyewe anataka nini. Pengine amesamehe, pengine amekata tamaa, pengine anasubiri mtu amwambie kwamba mlango bado uko wazi. Usimtafute wewe. Namba na anwani yake umezijua kwa kazi, na kumfuata nyumbani ni kuvunja kilekile unachojaribu kulinda. Lakini chumbani mlikuwa watatu au zaidi. Ofisa ustawi wa jamii alisikia maneno yaleyale, na kazi yake, tofauti na yako, inamruhusu kufuatilia hali ya mgonjwa. Kwa msimamizi wako wa ukalimani unaweza kuuliza, bila kutaja jina la mtu yeyote wala jopo: mkalimani akisikia mgonjwa anadai alizuiwa kulalamika, kuna utaratibu wa kumrudishia jambo hilo ofisa aliyekuwepo? Ukiwepo, ofisa anaweza kumuuliza mama kama anataka kusaidiwa kuandika lalamiko lake, akiwa na mkalimani mwingine asiye wewe. Akikubali, ni sauti yake, kwa ruhusa yake. Akikataa, umejua kwamba ukimya ni wake pia.

Hata hilo lina hatari. Linaweza kuchelewa hadi naibu awe ameshakalia kiti, na mama akajikuta analalamikia mkuu wa polisi badala ya naibu. Linaweza kumwamshia hofu aliyokuwa ameizika. Na ningependa ujiulize, bila kujihukumu, kwa nini unamkumbuka sasa: ni kwa ajili yake, au kwa ajili ya kura yako? Jibu likiwa ni vyote viwili, sioni ubaya, mradi msimamizi wako asisikie harufu ya jopo kwenye swali lako, kwa usalama wako na wa mchakato.

Kwa mkeo, mwambie angalau hili: kuna jambo la kazi linalokusumbua, huruhusiwi kumweleza, na si ugonjwa, si mwanamke, si deni. Atatulia kidogo. Kisha niandikie baada ya usaili. Usinitajie majina wala alama. Nataka kusikia tu kama swali lako liliingia kwenye orodha.